Duka la gemu linaaminika au la? Mwongozo kamili wa kulipima kabla hujatoa pesa

Uliza popote wachezaji wa kompyuta wanapokutana kama duka fulani la gemu linaaminika, na jibu la kwanza huwa lile lile: "Mimi nimenunua pale mara tano, hakuna shida." Huyo hadanganyi. Alilipa, akatumiwa ufunguo (namba ya siri ya kuifungua gemu), akauingiza, gemu ikashuka, akacheza usiku kucha. Ila ushahidi wake ni wa siku moja, na ubaya wa biashara hii huchukua miezi kujitokeza.

Funguo nyingi za wizi hununuliwa kwa kadi za benki zilizoibiwa. Mwenye kadi akishtuka, huenda benki kuyapinga malipo yale, na kwa kadi za Visa na Mastercard muda wa kupinga mara nyingi hufika siku 120. Pesa zikirudishwa kwake, studio au duka lililouza ufunguo mwanzo hubaki mikono mitupu, na linachoweza kufanya ni kuufuta ufunguo wenyewe. Gemu uliyoinunua leo kwa bei chee inaweza basi kuondolewa kwenye maktaba yako miezi mitatu baadaye, wakati umeshampa muuzaji nyota tano na kumsahau.

Mimi yalinikuta. Gemu ya mbio za magari, tovuti yenye mapambo ya kuvutia na ukurasa mrefu wa sifa. Wiki ya saba nikakuta taarifa fupi kwamba bidhaa imeondolewa kwenye akaunti yangu. Nikawaandikia walioniuzia. Wakajibu kwa adabu sana kwamba muda wa malalamiko ni siku 30 na umeshapita. Tangu hapo, kabla ya kununua najiuliza: ufunguo huu ukifutwa, nani atanirudishia pesa, na mpaka lini? Hatua zote zilizo hapa chini ni njia za kulipata jibu hilo mapema.

Hatua ya 1: Jua kwanza unauziwa nini

Maneno "nunua gemu" huficha bidhaa tofauti kabisa. Ya kwanza ni kununua moja kwa moja ndani ya duka lenye maktaba yako, kama Steam, GOG au Epic Games Store. Hapo hakuna mtu wa kati. Gemu huingia kwenye akaunti, na mwenye duka ndiye unayemdai.

Ya pili ni ufunguo: mfuatano wa herufi na tarakimu (wa Steam mara nyingi ni makundi matatu yenye alama tano tano) ambao unaupeleka mwenyewe kwenye duka lenye maktaba. Hapa tayari mna pande tatu. Aliyekuuzia si anayekuhifadhia gemu, na kukiwa na tatizo kila mmoja anaweza kukuelekeza kwa mwenzake.

Ya tatu ndiyo ya kukimbia, nayo ni akaunti. Baadhi ya tovuti huweka picha ya gemu, bei nzuri, halafu kwa maandishi madogo neno "akaunti". Unachopata ni jina na nywila ya akaunti ya mtu mwingine. Mwenye barua pepe ya asili anaweza kuirudisha mikononi mwake wakati wowote, na mkataba wa Steam hauruhusu akaunti kuuzwa. Binamu yake ni ile "amilisho ya nje ya mtandao": unapewa nywila, unapakua, unaambiwa uzime intaneti na usiiwashe tena ukiwa humo, kwa sababu nywila ile ile imeuzwa kwa watu wengine wengi. Huo ni mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe ni la kuazima.

Hata ukinunua kwa njia safi kabisa, kwa kawaida unapata leseni ya kutumia. Sheria ya jimbo la California iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inayataka maduka ya kidijitali yalieleze hilo wazi yanapotumia neno "nunua", na Steam ilikuwa imeshaanza kuonyesha maelezo hayo wakati wa kulipa tangu Oktoba 2024. Jambo hili litarudi mwishoni.

Hatua ya 2: Tofautisha muuzaji aliyeidhinishwa na dalali

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, maana tovuti zote zinafanana: kikapu, punguzo jekundu, saa inayohesabu kurudi nyuma.

Muuzaji aliyeidhinishwa hupokea funguo kutoka kwa mchapishaji (kampuni inayoitoa gemu sokoni) au kwa msambazaji anayetambuliwa naye. Humble, Fanatical na Green Man Gaming wamo katika kundi hili. Mara nyingi bei zao ziko chini ya Steam, na watu hudhani lazima pana magendo. Hapana. Valve, kampuni yenye Steam, huwaruhusu watengenezaji kutoa funguo za Steam bila malipo, na haichukui fungu lolote zikiuzwa kwingine, ilhali mauzo ya ndani ya Steam kwa kawaida hukatwa asilimia 30. Fungu hilo ambalo Valve hailichukui ndilo duka la nje na mtengenezaji hugawana, na sehemu yake hukufikia wewe kama punguzo. Kwa hiyo bei ya chini peke yake haithibitishi wizi.

Dalali ni kitu kingine. G2A na Kinguin ni masoko: wauzaji mbalimbali huweka funguo zao na soko hukata ushuru wake. Ukilipa pale, aliyekuuzia ni mtu mwenye jina la kujibandika na alama za nyota. Huenda alipata ufunguo kwenye kifurushi cha gemu kilichouzwa kuchangia msaada akakuta gemu hiyo anayo tayari, au ana maboksi ya akiba aliyonunua nchi yenye bei ndogo, au ana kadi isiyo yake. Wewe huwezi kujua, na mara nyingi soko lenyewe halijui.

Studio ya Wube, watengenezaji wa gemu ya Factorio, walilalamika hadharani kuhusu funguo zao zilizonunuliwa kwa kadi za wizi mwaka 2016. Ukaguzi ukaonyesha kwamba 198 kati ya hizo ziliuzwa kupitia G2A, na mwaka 2020 G2A ikailipa studio dola 39,600, yaani mara kumi ya hasara iliyothibitishwa. Pigia hesabu upande wa wanunuzi: watu 198 ambao pengine kila mmoja wao angekuambia "hakuna shida". Januari 2015 kampuni ya gemu ya Ubisoft ilikwenda upande wa pili. Ilifuta funguo za Far Cry 4 na gemu nyingine zilizouzwa na wauzaji wasioidhinishwa, ikieleza kwamba zilinunuliwa kwa ulaghai kwenye duka la Origin la kampuni ya EA. Baada ya kelele, waliokuwa wameshaanza kucheza wakarudishiwa. Ilikuwa hisani tu, na usipange matumizi yako kwa kutegemea hisani.

Ili kujua uko mbele ya nani, anza na tovuti rasmi ya gemu au ya mchapishaji. Bonyeza kitufe cha kununua uone ni maduka gani yametajwa. Kisha tazama IsThereAnyDeal, tovuti inayolinganisha bei za maduka inayoyatambua kuwa yameidhinishwa. Duka likikosekana kote kuwili, shuka chini kabisa ya tovuti yao ufungue masharti, utafute sentensi inayosema mkataba wa mauzo ni kati ya nani na nani. Ikisema ni kati yako na "muuzaji", huku tovuti ikijiita "jukwaa" tu, uko sokoni kwa dalali hata kama hakuna mahali wamelitumia neno hilo.

Pana tahadhari moja ambayo wachezaji wengi hawaijui: idhini ni ya gemu moja moja, si ya duka zima. Mwaka 2015, kabla ya The Witcher 3 kutoka, Green Man Gaming iliiuza kwa punguzo kubwa, na CD Projekt Red, studio iliyoitengeneza, ikasema haijui funguo hizo zimetoka wapi. Duka likajibu kwamba lilizinunua kwa wauzaji wa tatu wanaotambuliwa. Kwa gemu inayosubiriwa na watu wengi, angalia upya, hata kwenye duka ulilolizoea.

Hatua ya 3: Ipime bei kwa historia yake

Fungua SteamDB au IsThereAnyDeal, tafuta gemu, tazama bei ya chini kuliko zote iliyowahi kufikia. Gemu ya miaka sita iliyowahi kushuka kwa asilimia 80, ikiuzwa kwa bei hiyo mahali pengine, ni jambo la kawaida. Gemu ya wiki mbili ambayo maduka yote yaliyoidhinishwa yanaipunguza asilimia 10 au 15, halafu moja linakupa nusu bei, inakudai ujiulize nani amebeba hasara ile. Duka halichapishi funguo. Kuna aliyezilipia, au kuna asiyezilipia.

Hatua ya 4: Soma ukurasa wa bidhaa kama unavyosoma mkataba wa kodi

Eneo kwanza. Funguo nyingi zimefungwa kwa nchi au ukanda, na picha ya jalada haikuambii. Wapo wanaoshauri uamilishe kwa VPN ukijifanya uko kwingine. Usifanye hivyo. Steam inakataza kutumia njia hiyo kuficha mahali ulipo, na nchi ya duka lako inaweza kubadilishwa mara moja tu kila miezi mitatu. Hutaki akaunti yenye gemu za miaka kumi ihojiwe kwa sababu ya ufunguo mmoja.

Kisha jukwaa: Steam, Ubisoft Connect, programu ya EA, Epic, GOG. Kisha toleo, maana jina la "kamili" au "dhahabu" kila mchapishaji analitumia anavyotaka. Mwisho angalia kama gemu inadai programu ya pili kuifungua au ulinzi wa Denuvo (programu ya kuzuia gemu isinakiliwe). Hayo Steam huyaandika pembeni mwa ukurasa, kwa hiyo hata ukinunua kwingine, pitia huko usome bure.

Hatua ya 5: Chambua sifa na malalamiko

Penye wengi pana mengi, na kwenye sifa za maduka ya gemu mengi hayo ni ya aina moja: "Ufunguo umefika haraka, asante." Hizi zitupe zote. Zinapima kasi ya barua pepe. Tafuta zilizoandikwa au kuongezewa maelezo wiki au miezi baada ya kununua. Tafuta pia neno "kufutwa", halafu usome duka lilijibu nini.

Mimi huangalia mambo mawili kwenye majibu hayo. Pesa zilirudi kwenye kadi, au ziligeuzwa salio la ndani ya duka? Salio linakulazimisha kununua tena kwa mtu yule yule aliyekuangusha. Na je, mteja aliambiwa athibitishe tatizo kwa kurekodi video ya skrini yake akiamilisha ufunguo? Takwa kama hilo, likitolewa baada ya tukio, ni njia ya kukukatalia tu, maana nani hujirekodi?

Alama za muuzaji mmoja mmoja sokoni zina uzito mdogo zaidi. Tapeli anaweza kuuza funguo mia za gemu za senti chache, zote halali, akajaza nyota, ndipo alete mzigo wa wizi. Tovuti ambayo hujawahi kuisikia, angalia jina lake la mtandao lilisajiliwa lini. Huduma za kuangalia usajili ni za bure. Duka linalodai miaka kumi ya uzoefu huku jina limesajiliwa miezi minne iliyopita limeshakujibu.

Hatua ya 6: Lipa kwa njia inayorudi nyuma

Tumia kadi au huduma kama PayPal, ambayo ina utaratibu wa kupinga malipo. Sarafu za kidijitali, kadi za zawadi na kutuma pesa moja kwa moja kwa mtu, zikienda zimekwenda. Benki yako ikikupa kadi ya mtandaoni unayoweza kuiwekea kikomo, hiyo ndiyo ya kutumia kwenye duka jipya.

Kabla ya kubonyeza mara ya mwisho, hesabu upya. Bei ya ukurasa wa kwanza na ya ukurasa wa malipo huwa hazifanani: ada ya huduma, ada ya njia ya malipo, "ulinzi wa mnunuzi" uliokwisha kuwekewa alama ya kukubali. Ulinzi huo wakati mwingine ni usajili wa kila mwezi. Mimi huona ni kichekesho duka kunitoza pesa ili linihakikishie kwamba bidhaa yake ni halali.

Neno moja la kuzuia: kupinga malipo uliyofanya kwenye Steam yenyewe kupitia benki liwe jambo la mwisho kabisa. Malipo yakipingwa, akaunti huwekewa vizuizi hadi suala litatuliwe. Anza na ombi la kurejeshewa ndani ya duka.

Hatua ya 7: Saa ya kwanza baada ya kulipa

Amilisha papo hapo. Ufunguo uliokaa kwenye barua pepe miezi sita ukija kukataa, huna wa kumwambia. Ukikataa, piga picha ya skrini na unakili maneno ya kosa kama yalivyo, kwa sababu "umeshatumika", "haupatikani katika nchi yako" na "si sahihi" ni matatizo matatu yenye madai tofauti. Hifadhi risiti, nambari ya oda na picha ya ukurasa wa bidhaa ulivyokuwa siku ile, kurasa hubadilika. Kama ulinunua kwa dalali licha ya yote niliyosema, weka ukumbusho kwenye simu wa siku chache kabla ya muda wa malalamiko kwisha, na kabla ya hapo usifunge tiketi yoyote ya huduma.

Hatua ya 8: Ujue muda wa kurejeshewa pesa, uutumie

Steam hurejesha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Epic inafuata kipimo hicho hicho kwa gemu zinazostahili. GOG ni wakarimu zaidi: siku 30, hata kama umepakua na kucheza. Gemu uliyoagiza kabla haijatoka, Steam hukurudishia wakati wowote kabla ya siku ya kutoka, lakini tangu Aprili 2024 saa unazocheza katika kipindi cha kuingia mapema zinahesabiwa. Ufunguo ulionunua nje, Steam haikurudishii chochote. Unabanana na aliyekuuzia, na wengi wao wakishakuonyesha ufunguo mlango umefungwa. Hiyo ndiyo gharama halisi ya punguzo la nje. Kwa gemu ambayo sina hakika kama kompyuta yangu itaibeba, mimi hulipa zaidi kidogo ndani ya Steam ili ninunue zile saa mbili.

Na saa mbili zenyewe zitumie kwa akili. Saa huanza kuhesabu gemu inapofunguka, hata ukiwa kwenye menyu, hata gemu ikiwa inaandaa michoro kwa dakika kumi. Usianze na hadithi. Nenda kwenye mipangilio, weka kiwango unachotaka kuchezea, tafuta sehemu yenye vurugu, tazama kasi ya fremu na joto la kadi ya michoro. Jaribu kidhibiti chako. Kama ni ya mtandaoni, ingia mechi moja uone ucheleweshaji wa seva. Dakika 90 zinatosha kuamua, na unabaki na nusu saa ya akiba.

Hatua ya 9: Funga mlango wa akaunti

Duka linaweza kuwa la kuaminika na bado ukaibiwa wewe. Washa Steam Guard kwenye simu, na uthibitishaji wa hatua mbili kwenye maduka mengine na kwenye barua pepe yako, ambayo ndiyo ufunguo wa funguo zote. Rafiki akikuandikia ghafla "ipigie kura timu yangu" pamoja na kiungo, huyo pengine si rafiki yako tena bali mwizi aliyekalia akaunti yake. Dirisha la kuingia Steam ndani ya tovuti ngeni linaweza kuwa mchoro tu. Jaribu kuliburuta nje ya kivinjari, likigoma kutoka ni la uongo.

Usidhani pia kwamba kila kilicho kwenye duka kubwa kimechujwa. Februari 2025 Steam iliiondoa gemu ya bure iitwayo PirateFi baada ya kugundulika kwamba ina programu hasidi, na waliokuwa wameifungua wakashauriwa hata kufikiria kusakinisha Windows upya. Gemu isiyojulikana, ya bure, yenye sifa kumi zilizoandikwa siku moja, iache ipoe kwanza.

Hatua ya 10: Jiandae kwa siku ambayo duka halipo

Soko la Games for Windows Live la Microsoft lilifungwa Agosti 2013. Desura, lililopendwa sana na mashabiki wa gemu za studio ndogo, liliangukia kwenye ufilisi wa wamiliki wake mwaka 2015. Wakati mwingine duka linabaki na gemu inakwenda: The Crew ya Ubisoft ilitoka 2014, ikaondolewa madukani Desemba 2023, seva zikazimwa tarehe 31 Machi 2024, na hata aliyetaka kucheza peke yake hakuweza.

Kwa hiyo gawa maktaba yako mara mbili. Za mtandaoni zichukulie kama tiketi na uzilipe bei ya tiketi. Zile unazotaka kuzirudia baada ya miaka 15 zinunue pale zinapouzwa bila kufuli la kidijitali. GOG wanaendesha duka zima kwa msingi huo, na itch.io ina nyingi za studio ndogo. Pakua faili za usakinishaji zenyewe, si kupitia programu ya duka, uziweke kwenye diski ya nje pamoja na viraka vyake (faili za masahihisho). Halafu zijaribu. Chukua kompyuta nyingine, chomoa waya wa intaneti, sakinisha kutoka kwenye diski. Ikifunguka na kukufikisha hatua ya kwanza ya mchezo, hiyo unayo. Ikikuomba uingie kwenye akaunti, irudishe kwenye fungu la tiketi.